Maji Yaliyobaki

Pikapu iliingia gereji ikisukumwa. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni, na mafundi wengi wa mtaa wa Buyenzi walikuwa wameshanawa mikono kwa sabuni ya unga wakaenda zao. Mohamadi alibaki peke yake, anakunywa maji. Tangu asubuhi alikuwa akinywa, chupa baada ya chupa, na koo halikukubali kulowa. Alilaumu jua.

Aliyekuwa akisukuma ni Faridi, mdogo wake. Ndani aliketi Yasmina, mke wa Faridi, mjamzito wa miezi saba, kichwa amekiegemeza kwenye kioo.

"Kaka, motere inachemuka," Faridi alisema akihema. "Nimetoka ku nyumba mara tatu nimupeleke hôpital. Mara tatu imenigomea. We muguse tu."

Mohamadi alimgusa shemeji yake kwenye paji la uso. Akaondoa mkono upesi.

"Na teksi?"

"Teksi gani? Esansi iko wapi? Zote zimelala. Hii yetu ndiyo iko na kidogo, ile ya magendo ya Congo."

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa, mji mzima hauna petroli. Ama pikapu ipone kabla giza halijashika, ama Yasmina alale na homa ile, yeye na mtoto aliye tumboni. Na pikapu yenyewe ilikuwa kizee, ya mama yao, aliyeitumia kubebea mawese na ndizi miaka ishirini. Mama walimzika Jumanne.

Mohamadi alipenda kujisifu, na sifa zake nyingine zilikuwa za kweli. Injini ikichemka, alikuwa akiwaambia wenzake, ina uongo wa aina sita tu. Akaanza kuuhesabu. Mkanda wa feni: umekaza. Mipira ya maji: mizima. Mfuniko wa rejeta: unabana. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwenye kitambaa; oili nyeusi, safi, haijachanganyika na maji, kwa hiyo gasketi haijaungua. Akafungua thamostati, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la makaa. Maji yalipochemka ikafunguka vizuri kabisa.

Ulibaki uongo mmoja. Akalala chini ya gari, akafungua kizibo cha rejeta.

Harufu ikatangulia.

Kafuri.

Kisha maji yakatoka, ya kijani, na ndani yake vipande vya majani vilivyochakaa. Alikamata kimoja kwa kidole. Jani la mkunazi, yale makavu wanayoletewa kutoka Kigoma. Alijua kazi yake. Kila Mwislamu wa mtaa ule anaijua.

"Faridi..." aliita kutoka kule chini, sauti ndogo. "Maji uliyatia ya wapi?"

"Ya ile bidoni ya nyuma ya stoo. Siku ya maziko robine za bomba zilikauka. Kwani yana nini?"

Mohamadi alilijua dumu lile. Sijaona, mke wake, ndiye aliyeongoza wanawake kumwosha mama kabla ya maziko, na walipomaliza alimletea yaliyobaki: lita ishirini zilizotiwa mkunazi na kafuri. "Kayamwage mu shimo, Baba Zuhura, uyafukie. Watu wasiyakanyage." Shimo lilikuwa limeshachimbwa. Lakini wanaume walikuwa wameinua jeneza, na yeye, mtoto mkubwa, angeachwa nyuma? Akaisukuma bidoni nyuma ya stoo, akijiambia nitarudi. Hakurudi. Alisahau tu, na sasa aliona aibu hata kupumua.

"Majani yameziba rejeta," alisema akijifuta. "Basi. Tunaosha, tunaenda."

Akaiosha mara mbili kwa mpira wa bomba mpaka maji yakatoka meupe. Akajaza mapya, akawasha, akangoja. Mshale wa joto ukapanda mpaka katikati, ukatulia. Alishukuru Mungu kwa sauti. Wakambana Yasmina katikati yao, wakaondoka kuelekea hospitali.

Hawakufika njia panda ya tatu.

Mshale ukaanza kupanda. Taratibu... kisha mbio. Injini ikagonga. Harufu ya kafuri ikaingia hadi ndani. Yasmina akalia, mkono tumboni.

Mohamadi akageuza gari arudi gereji. Mshale ukashuka.

Akageuza tena kuelekea hospitali. Ukapanda.

Akarudia mara ya tatu, maana fundi hapimi mara moja. Pua ya gari ikitazama hospitali, moto. Ikitazama kusini, afueni. Na kusini, ukishapita Musaga, kuna makaburi.

"Shemeji..." Yasmina alinong'ona, macho amefumba. "Huku ndiko kunapoa."

Mohamadi akakanyaga mafuta.

"Kaka! Hôpital iko nyuma!"

"Najua iko nyuma."

Musaga waliipita, watu wakirudi makwao kwa miguu, vikapu vichwani. Mshale ulizidi kushuka. Ukapita katikati. Ukapita robo. Ukalala chini kabisa, na injini bado inanguruma. Waliposimama makaburini Mohamadi aliweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Injini zinazochemka alizizoea. Iliyotembea safari nzima bila kupata hata joto la chai hakuwahi kuiona.

Kando ya kaburi la mama alichimba shimo kwa bisibisi na mikono. Faridi akasogeza gari, naye Mohamadi akafungua kizibo. Maji aliyotia yalikuwa ya bomba, kwa mkono wake mwenyewe, saa moja iliyopita.

Yalitoka ya kijani.

Majani. Kafuri. Yakatoka mpaka tone la mwisho.

"Mama, nisamehe," alisema, machozi yakimtoka bila kuficha. "Nilikuwa na haraka ya kukubeba."

Akafukia. Wakajaza maji mengine kutoka kwenye dumu walilokuja nalo, wakageuza. Mshale ukapanda mpaka katikati na hapo ukakaa, Musaga yote, mjini kote, mpaka kwenye lango la hospitali. Homa ya Yasmina, iliyokuwa imepoa kule makaburini, ilirudi njiani, lakini gari halikugoma tena.

Muuguzi alimtundikia chupa ya serumu. Mtoto anacheza, alisema, mapigo ni mazuri. Huenda ni tumbo la maji machafu; majibu yatatoka kesho.

"Mulikunywa maji ya wapi?" aliuliza kabla ya kutoka.

Yasmina alingoja mlango ufungwe. "Shemeji, ile bidoni... Robine zilikuwa zimekauka na watu wa matanga walikuwa wengi. Nilichota ya juu, ilikuwa safi, mi sikujua. Nikapika chai. Faridi alichukua ile ya chini."

Mohamadi aliikumbuka chai ile. Ilikuwa na tangawizi kali. Alikunywa glasi mbili, akaisifu mbele za watu.

Simu ikalia. Sijaona.

"Baba Zuhura, Yasmina iko namna gani?" Hakungoja jibu. "Hapa mu mutaa watu wako na homa. Mama Caritas, wale wa duka, shehe, wote waliokuja ku matanga. Niliwaambia walale, hawataki. Wametoa viti inje. Wameketi mu njia, kimya... wote wameangalia upande mumoja."

"Wewe ulikunywa chai?"

"Apana. Mi nilikuwa nimefunga. Chai imefanya nini?"

Mohamadi aliwaza kizibo kilicho chini ya rejeta, unavyokizungusha mara tatu na kila kitu kikatoka. Mtu hana kizibo.

"Baba Zuhura," Sijaona alinong'ona, "na we unaangalia wapi?"

Hapo ndipo alipogundua. Benchi alilokalia kando ya kitanda lilikuwa limegeuzwa. Aliligeuza yeye, hakumbuki saa ngapi, likaupa mgongo mlango na kutazama dirisha la kusini. Faridi alikuwa ameketi kando yake, uso kule kule. Kitandani, Yasmina alikuwa amehamisha mto akauweka miguuni, alale akitazama dirisha lile.

Kutoka dirishani kulikuja upepo mwembamba, wa baridi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Mohamadi hakusikia kiu.