Kilio Kwenye Waya

Haya yalimpata rafiki wa kaka yangu, kijana aliyekuwa akitunga hadithi kabla ya kuchukuliwa vitani. Jeshini walimwita Mtunzi, wakampa kazi ya kuunga nyaya za simu. Alikuwa amepata habari kwamba mchumba wake ameolewa na mwingine, na tangu hapo chakula hakikumpita kooni.

Mchana mmoja simu ya mstari wa mbele ikanyamaza.

"Mtunzi, kauunge waya," sajenti akasema. "Na usirudi na hadithi, rudi na simu!"

Akaingia kwenye handaki lililofunikwa, giza totoro, akiufuata waya kwa vidole mpaka ukaishia kiganjani, pale ulipokatika. Akapapasa chini, akaipata ncha ya pili. Kama ilivyo kawaida ya waunga nyaya, akaiunganisha na simu ndogo ya kupimia aliyoibeba asikilize kama upande wa pili uko hai.

Mtu alikuwa akilia. Kilio kile alikijua.

"Mbona huji, mpenzi?"

"Si umeolewa?" akanong'ona.

"Nani kakuambia?"

Akauvuta waya ajue unakotoka. Ukamjia wote, mwepesi, haukuzidi urefu wa mkono wake, na sikioni kilio kilikuwa kikiendelea.