Maji ya Kuoshea Kalamu

Jaafar, fundi saa wa Ukunda, hakuwa mtu wa miraa wala wa wanawake. Angelikuwa nayo hayo, majirani tungelijua kabla yake. Ugonjwa wake ulikuwa kalamu kuukuu za wino, za Kijerumani. Pesa hana, basi kalamu alizifuata kwa watunza bustani wa Diani, mzungu akifa au akihama na vikorokoro vyake vikitolewa nje. Akiipata moja, huizungusha kitako aone kama yavuta wino, huiinua kwenye mwanga atafute kidirisha chake cha kuonea wino, kisha huisoma nibu ya dhahabu kwa ile lenzi yake ya saa.

"Wallahi mwanao atazaliwa na kifuniko," mkewe Husna alikuwa akimcheka, mimba yake miezi saba.

Siku hiyo Randu, mtunza bustani, alimletea nyeusi, ya kabla ya vita vikuu.

"Imetoka kwa mzungu marehemu," akasema, akapokea alichopewa bila kubishania bei. Muuzaji asiyebishania bei, Ukunda! Hilo peke yake lingelimshtua mtu. Jaafar furaha ilimziba macho.

Ndani mlikuwa na wino mwekundu uliokauka. Akavuta kwa kalamu maji ya kikombe, akayatema mumo humo, tena na tena, hata yakawa rangi ya zafarani. Adhana ikalia. Akakiacha kikombe dirishani, akaenda kuswali.

Huku nyuma mkwewe, Bi Mwanaima, akaleta kombe kutoka kwa maalim: aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani, zikaoshwa, mja mzito anywe azae salama. Akaliweka mezani ndani ya kikombe, akamwita bintiye aliyelala, "Kombe lako hilo, mwanangu!" Akakimbilia harusini, maana harusi haimpiti.

Jaafar aliporudi, kikombe cha mezani kilikuwa kimejaa. Cha dirishani kitupu.

"Husna, umekunywa nini?"

"Kombe. Leo lilikuwa chungu."

Midomo ilimfa ganzi Husna. Kisha vidole. Kisha tumbo.

Mtoto akaacha kucheza.

Hospitali wakasema moyo wapiga. Wapiga, ila hachezi. Husna hakulia. Alikaa kitandani akilitazama tumbo lake kama mzigo wa mtu aliyesema atarudi sasa hivi.

Jaafar akamfuata Randu bustanini.

"Niambie kweli."

Randu hakuacha kufyeka. "Si ya mzungu, bwana. Ya babu yangu. Mzungu alimpa tu."

"Babu yako aliandika nini?"

"Majina."

"Ya nani?"

"Ya watoto walio matumboni." Akanong'ona. "Waliotakiwa kuchukuliwa."

"Na nani?"

Randu akageuza uso. "Wewe wapenda za wazungu. Nikakwambia ya mzungu."

Hakukubali kuipokea tena kalamu yake. Jaafar akaichoma jikoni kwenye makaa. Kalamu zile za zamani huwaka kama karatasi. Nibu iliyosalia akaitupa chooni. Hakuhisi kitu, si hofu, si nafuu.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume. Hakulia. Wakamfinya nyayo, akawatazama tu. Kigelegele cha Bi Mwanaima kikamfia mdomoni.

"Ashanyonya?" Husna aliuliza, akitazama ukuta. Mtoto alikuwa ziwani mwake, akinyonya.

Siku ya saba mbuzi akachinjwa, mtoto akaletwa anyolewe na apewe jina. Jina Jaafar alikuwa nalo moyoni. Hakulitamka kwa mtu. Hata kwa mkewe.

Wembe wa Bi Mwanaima ukapita utosini mara moja. Akasita.

"Jaafar," akanong'ona. "Ni nani aliyemwandika mtoto?"

Chini ya nywele, kwenye ngozi, palikuwa na maandishi madogo mekundu, yamelala upande. Jaafar akainama. Akasoma.

Lilikuwa lile jina.

Bi Mwanaima akapitisha kidole. Mtoto hakukatwa popote. Wino ulikuwa mbichi.