Anayegonga Chini ya Barafu

Saa saba mchana, bati linachemka, feni imekufa, na kioo cha televisheni kinatoka jasho kama chupa ya soda. Digrii alikifuta kwa kiganja. Vidole vikafa ganzi kwa baridi.

Digrii ndilo jina alilopewa na wateja wa kibanda cha gemu. Msomi wa uchumi, kaomba kazi mpaka aibu ikamwisha, kaishia kuwachomekea watu pedi za kuchezea gemu. Kibanda ni cha mama yake mdogo. Aliyekiendesha kabla ya Digrii ni mwana wa mama mdogo huyo, marehemu Kobra, ambaye hakuna aliyewahi kumpiga kwenye gemu la mapigano, hasa kwenye uwanja wa barafu.

Leo uwanja huo ulifunguka wenyewe kwenye kioo: ziwa lililoganda, upepo wa theluji, mpiganaji mmoja tu amesimama. Chini ya barafu kikapita kivuli.

Ko. Ko. Ko.

"Broo, spika yako mbovu," alisema fundi simu wa jirani.

"Spika nimeichomoa," Digrii alinong'ona.

Fundi akakumbuka ghafla kwamba ana kazi nyingi.

Mama mdogo alileta mganga. Yule mzee alinusa pembe zote, akasimama mbele ya mlango wa choo cha kibanda. "Jini. Limevaa sauti ya marehemu. Hili halitaki damu, linakula kilichofichwa. Anayekijua akiseme mbele ya mama mtu, litatoka leo hii."

Na Digrii alikijua. Siku ile alikuwa anachapwa tena kwenye barafu, Kobra akasimamisha gemu akaenda chooni, naye Digrii, kwa utani uleule waliokuwa wakifanyiana kila siku, akasukuma komeo la nje, akarudi kwenye pedi, akaanza kumponda mpiganaji asiye na mtu, akicheka, huku Kobra akigonga, "Fungua, bro, kifua kinabana, bomba langu la pumu liko mezani," na yeye akijibu, "Acha sinema, subiri nishinde," na kugonga kukapungua, kukapungua, mpaka ushindi wake wa kwanza ukawaka kwenye kioo na kibanda kizima kikawa kimya.

"Mwanangu," mama mdogo alimgeukia, "wewe ndiye uliyekuwa naye. Kuna kitu?"

"Nilimkuta kaanguka, mama mdogo. Basi."

Mganga alimtazama sana, akachukua mkoba wake. "Haya. Mimi nimemaliza."

Mama mdogo akamshika Digrii mkono. "Usilie. Bila wewe mwanangu angekufa peke yake."

Kwenye kioo, kiganja kilijibandika chini ya barafu. Ko. Ko. Kisha kioo kikazimika, na kugonga kukahamia mlangoni mwa choo.

"Kuna mtu humo?" mama mdogo aliuliza.

"Hakuna."

"Mbona pamefungwa kwa nje?"

Mama mdogo akanyoosha mkono. Komeo lilikuwa jeupe kwa barafu. Digrii akafungua kinywa aseme, safari hii aseme kweli. Ukatoka mvuke wa baridi tu, bila sauti.