Mstari Uliopita Jikoni

Droo haikuvunjwa. Hilo ndilo lililomkunisha kichwa Inspekta alipoinama mbele ya kabati la ramani, katika ofisi ya mambo ya kale. Kati ya ramani arobaini ilitoweka moja tu: ya mnara wa zamani. Kesho saa nne waziri angeitia sahihi. Bila ramani hakuna mpaka, bila mpaka hakuna ulinzi wa sheria, na tingatinga la mkandarasi lilishaegeshwa kando ya mnara.

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi, na mzee mchoraji," akasema mtunza nyaraka. "Lakini Afande, yule ana miaka thelathini hapa. Hata kifutio hajawahi kwenda nacho nyumbani."

Inspekta alinyanyua ramani tatu za juu. "Wewe huziviringisha hivi?"

"Hapana. Mimi mchoro hukaa ndani, usichafuke." Mtunza nyaraka akasita. "Mchoro nje ni mtindo wa wachoraji. Karatasi hulala vizuri mezani."

Mwizi alifungua tatu akitafuta, kisha akaziviringisha alivyozoea. Mazoea yana taabu.

Inspekta alimkuta mzee mchoraji mezani kwake, akichonga penseli iliyokwisha kuchongoka.

"Ramani iko wapi, mzee wangu?"

"Ramani ipi?"

"Uliyoitafuta ukaacha nyingine tatu mchoro nje."

Ncha ya penseli ikakatika. Mzee akaiweka mezani.

"Iko kwa mama yangu. Juu ya kabati la vyombo."

"Kwa nini?"

"Nilipopima mpaka, mstari ulipita jikoni kwake. Ukiwa ndani ya mpaka hupigi hata msumari bila kibali. Na paa linavuja, Afande. Mama analala na beseni kitandani. Nilitaka niuchore upya, umkwepe. Muda ukanishinda."

Inspekta alimwonea huruma waziwazi. Akafungua jalada la mnara alilokuja nalo, lenye kurasa za sheria alizozisoma asubuhi.

"Haya uliyasoma?"

"Mimi mtu wa mistari. Maneno ni ya wanasheria."

Akamwekea kidole kwenye kifungu cha tisa: nyumba ya kuishi iliyomo ndani ya mpaka itaezekwa na kutunzwa na serikali.

Mzee alisoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Kumbe mstari wangu..."

"Ulikuwa unamwezekea mama yako. Simama, twende tukaichukue. Kisha kituoni."

"Mama asijue, tafadhali."

"Atajua," Inspekta akasema taratibu. "Si ndiye atakayetufungulia mlango?"