Sauti Iliyofungwa Gerejini

Bisha. Bisha sasa hivi, maana nikishapamba moto sitaki mtu wa kunikatiza. Juzi sokoni Tandale jamaa mmoja alibisha, akasema majini ni habari za mabibi. Nikamsimulia nusu tu. Aliacha chai yake ikapoa, akaniomba nimsindikize kwao, na jua bado liko juu. Mwanamume mzima, ana ndevu.

Mie shule niliiacha darasa la nne. Mwalimu alipenda kusema, na mie napenda kusema, na fimbo alikuwa nayo yeye. Lakini nani hapa Kinondoni haijui sauti ya Apolinari? Siku ya dansi nikishika maikrofoni, wapishi wa jirani wanaunguza wali. Haya, kaa. Ubishe ukiwa umekaa.

Kulikuwa na karani mmoja wa serikali, Wilbert, mtu wa bara, Mkatoliki wa kwenda misa hata kwenye mvua. Alipewa nyumba mwisho kabisa wa Kinondoni, na nyumba ile ilikuwa na gereji, kwa sababu Mzungu aliyekaa humo kwanza alikuwa na motokaa. Wilbert alikuwa na baiskeli. Mkewe, Genoveva, akaifanya gereji kuwa stoo ya kuni.

Jumamosi Wilbert alikuwa mwimbaji wa bendi yetu. Kiongozi wetu Gaspar alipiga gita, mie nilipiga dramu kule nyuma ambako hakuna anayekutazama, na mbele alisimama Wilbert na leso yake mkononi. Leso zile nyeupe Genoveva alitushonea wote, za namna moja, ili tufanane. Na yule bwana aliimba, mie nakwambia. Nilikuwaga napiga dramu huku natamani koo lake liwe langu, kama mwingine anavyotamani kiatu.

Gaspar alikuwa baba wa ubatizo wa Sesilia, binti wa Wilbert. Ramadhani ilipokaribia, dansi zikasimama. Hata sie Wakristo tulifunga vyombo mwezi ule, tusiwakere majirani waliofunga. Gaspar akaleta amplifaya na spika mbili kwa mkokoteni, akasema kwake paa linavuja. Akamshika Wilbert bega.

"Baba Sesilia, nakuamini kuliko ndugu wa tumbo moja."

Wilbert alifurahi mpaka akabeba vyombo peke yake. Wakati huo alikuwa amepata uhamisho wa kwenda Mbeya, aondoke baada ya Idi. Bendi nzima tulijua. Gaspar alikuwa wa kwanza kumpa hongera.

Spika waliziegemeza mle gerejini zikitazama ukuta, wakazifunika magunia. Kesho yake Genoveva akaingia kuchukua kuni, akakuta moja imegeuka inatazama mlango. Akairudisha. Akamtania mumewe kwamba panya wa Kinondoni wana nguvu za makuli. Siku iliyofuata zote mbili zilikuwa zinatazama mlango, na magunia yamekunjwa vizuri pembeni, kama mtu aliyeamka akatandika kitanda chake.

Halafu baridi. Kilikuwa kipupwe, na gereji ya saruji isiyo na dirisha haiwezi kuwa na joto, sawa. Lakini baridi hii ilikuwa inakuja kwa zamu, inakwenda inarudi, kama pumzi. Na ndani ya hiyo pumzi kulikuwa na harufu ya udi, na chini ya udi harufu ya nywele zilizoungua. Genoveva akatundika rozari kwenye kufuli. Asubuhi akaikuta pale pale, ila imekuwa ya baridi kiasi cha kumganda vidoleni.

Na magharibi moja, majirani wote wakiwa kwenye futari na mtaa umenyamaza, Genoveva ameketi mkekani na mumewe, wote wawili wakasikia gereji inanguruma, ile ngurumo ya chini ya amplifaya inapopata moto, na gereji ile haikuwa na umeme, haijawahi kuwa na umeme, na waya wa vyombo ulikuwa umekunjwa ndani ya sanduku chini ya kitanda chao. Wakatoka, wakachungulia kwenye upenyo wa mlango, wakaona zile taa ndogo za ndani ya amplifaya zimewaka nyekundu, halafu spika ikaanza kuimba taratibu wimbo wa kufungia dansi, na sauti ilikuwa ya Wilbert, ambaye amesimama hapo hapo kando ya mkewe, mdomo umefumbwa.

Toka siku hiyo koo likaanza kwenda. Kwanza hakuweza tena kupanda juu. Kisha akawa anakwaruza. Ofisini wakamcheka, wakasema karani amemeza msumeno. Kila magharibi gereji iliimba vizuri zaidi, naye akabaki na kidogo zaidi, hadi jioni moja mtoto akaelekea motoni na Wilbert akataka kumwita mama yake, akafungua mdomo, mishipa ya shingo ikamtoka, na hapakutoka kitu, hata pumzi ya kusikika, ila kule gerejini, nyuma ya kufuli na rozari, sauti yake ikaita, kwa upole, kama anavyoitaga mwenyewe, "Genoveva."

Genoveva alimwahi mtoto. Asubuhi akaja kwangu. Kwangu, si kwa mwingine, maana Wilbert alimwandikia kwa kidole mchangani kwamba katika bendi anamwamini Apolinari. Nikampeleka Temeke kwa Bi Chausiku, fundi wa pepo. Genoveva akampigia shikamoo huku anatazama chini, maana kwa Mkristo wa kule kwao haikuwa safari ya kujisifia. Akanong'ona kwamba jambo moja linamchanganya: majirani wanasema mwezi huu mashetani wote wamefungwa.

"Wamefungwa, mwanangu," Bi Chausiku akasema. "Na huyu wako kafungwa. Kafungwa kwako. Sasa tukaulize nani aliyefunga."

Alasiri ile ile tulikuja naye. Akafukiza ubani, akaketi mbele ya spika miguu ameinyoosha, kama anaongea na mgeni wa kawaida. Akauliza mwenyeji wake ni nani. Ikanguruma. Akauliza tena. Na sauti ya Wilbert, mbele ya Wilbert mwenyewe, ikasema, "Gaspar."

Nilimtazama Wilbert. Hakustuka. Aliketi tu juu ya kuni, taratibu, kama mtu aliyekatwa mguu na bado hajaona damu.

Bi Chausiku akaniamuru nifungue mgongo wa spika. Ndani, kwenye waya, ilikuwa leso ya Wilbert, imefungwa mafundo, imekauka jasho. Akayafungua mafundo moja moja akisoma, na kila fundo likifunguka baridi inapungua, hadi jasho likaanza kututoka. Akanipa ile leso nikaichome jikoni uani, akasema ikiwa majivu, sauti itarudi kwa mwenyewe. Nikaichoma.

Gaspar tulimfuata. Hakukana. Alikuwa anakaza nyuzi za gita, wala hakuinua macho.

"Wewe ungeondoka nayo," akamwambia Wilbert. "Na sisi tubaki na nini? Wewe nenda Mbeya. Sauti ibaki."

Wilbert alifungua mdomo kumjibu. Sijui alitaka kusema nini. Hakuna atakayejua.

Maana sauti haikurudi. Bi Chausiku alikuja tena, akalitazama lile jivu jikoni kwa muda mrefu, akanitazama na mie, akaondoka bila kula. Watu wakasema jini lilishaila sauti kabla hatujawahi. Gaspar alihama mji. Wilbert hakwenda Mbeya. Karani bubu hawamtaki.

Umeacha kubisha? Vizuri. Basi kuna pahali nimeparuka.

Leso zilikuwa za namna moja. Ile niliyoitia motoni ilikuwa yangu.

Ya Wilbert ninayo hapa mfukoni, gusa. Gusa tu. Baridi, sivyo? Mafundo niliyafunga upya mwenyewe, siku ile ile, nikiwa bado nanukia moshi.

Dansi ya Idi nilisimama mbele. Mara ya kwanza maishani mwangu mtu ananitazama. Nikaimba, na ukumbi ukalia, na mie nikajiambia Wilbert angeielewa furaha hii. Kisha nikamwona Genoveva mlangoni, amemshika Sesilia mkono. Alikuwa anasikiliza. Mtoto ndiye aliyesema, kwa sauti ya kutosha kunifikia, "Mama, baba anaimba."

Nikafumba mdomo. Nimefumba, meno yameumana, ulimi nimeukandamiza.

Na wimbo ukaendelea kutoka kifuani mwangu, hadi mwisho wa ubeti, ukasimama, ukaita kwa upole, "Genoveva."