Mmea wa Bi Verlene

Jumamosi hiyo ya Februari mvua ilikuwa ikinyesha Oakland kwa siku ya nne mfululizo, na duka la Bi Saechao la vifaa vya kilimo cha ndani lilikuwa limejaa watu mpaka mlangoni. Wengine walifuata taa, wengine mbolea za chupa, na wengine hawakununua kitu. Walikuja tu kusikia ni chumba cha nani safari hii kimeingiliwa na wadudu. Katikati ya msongamano huo Odell Fontenot, mwanamume mrefu mwenye koti la jinzi lililolowa mabegani, alitoa mfuko wa plastiki na kuanza kuufungua.

"Wee! Usithubutu kufungua hapa!" Bi Saechao alipaza sauti kutoka nyuma ya kaunta.

Watu walirudi nyuma kana kwamba ametoa nyoka. Ndani ya mfuko mlikuwa na majani matatu ya bangi.

"Ni majani tu, Bi Saechao."

"Chumba changu kilichoteketea kwa wadudu mwaka juzi nacho kilianza na majani tu. Funga, au toka nayo!"

Mwanamke aliyekuwa kando yake alinyoosha mkono. Alivaa koti la mvua la manjano, nywele zake amezibana kwa penseli, na shingoni alining'iniza kioo kidogo cha kukuzia.

"Nipe. Nitayatazama yakiwa humohumo mfukoni."

"Kwani wewe daktari?"

"Wa mimea. Ligaya Punzalan, wa maabara. Na wewe nani, muuaji?"

Duka zima liliangua kicheko. Odell naye alicheka, kicheko cha mtu aliyekuwa amekisahau. Ligaya aliyageuza majani pande zote, jicho moja amelifumba.

"Sioni utitiri. Ubwiriunga, ule ukungu mweupe, hakuna. Umeyapa nini?"

"Magnesiamu. Si unaona yalivyopauka katikati ya mishipa?"

"Tangu lini?"

"Oktoba. Kila wiki."

"Miezi minne mgonjwa haponi, na wewe unazidi kumnywesha dawa ileile?" Alimrudishia mfuko. "Jumatatu nitakuja kuiona mimea yenyewe."

Alichagua Jumatatu asubuhi kwa sababu wakulima wa ndani wana mwiko wao: mgeni huja akiwa ameoga, kabla hajakanyaga chumba cha mtu mwingine, naye huvaa ovaroli nyeupe mlangoni. Utitiri husafiri kwenye nguo. Mtu mmoja mzembe anaweza kumaliza mimea ya mtaa mzima.

Ghala la Odell lilikuwa kando ya reli. Katika chumba kikubwa, chini ya taa kali, ilisimama mimea arobaini iliyochanua. Katika chumba kidogo ulisimama mmea mmoja peke yake, shina lake nene kama kifundo cha mkono.

"Huu ndio mmea mama," alisema Odell, na sauti yake ikashuka. "Mama yangu, Bi Verlene, aliuotesha kwa mbegu mwaka ambao saratani iliingia kwenye mifupa. Maua yake ndiyo yaliyompa usingizi. Ile arobaini yote ni vipandikizi vya huu. Duniani hakuna mwingine."

Ligaya alirudi kwenye chumba kikubwa. Alipita mmea kwa mmea na kioo chake. Hakupata mdudu wala kuvu, lakini matawi yalilala ubavu badala ya kupanda juu, na aliposugua ua moja kwa vidole, halikunukia kitu.

Jumatatu ile ilizaa nyingine, na simu zikaanza kulia kila jioni.

"Daktari wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umeweka tena magnesiamu?"

"Kidogo."

"Odell!"

"Nakutania, laazizi. Nilitaka tu kukusikia ukigomba."

Kufikia Aprili, Ligaya alikuwa na mswaki wake nyumbani kwa Odell, na Odell alikuwa amejifunza kula sinigang, mchuzi wa kwao Ligaya wenye ukali wa ukwaju, bila kukunja uso. Jambo moja tu lilibaki kati yao.

"Niruhusu nikate mzizi mdogo wa mmea mama niupime," Ligaya alimwambia.

"Hapana."

"Mzizi wa urefu wa ukucha tu, mpenzi."

"Mama alikatwa mara ngapi kwa ajili ya vipimo? Huo mmea hauguswi na kisu cha mtu."

Kisha ikafika siku ya kumbukumbu ya kifo cha Bi Verlene, nayo ilikuwa Alhamisi. Ligaya alikuwa na kazi katika chumba cha mkulima mwingine, Hollis, mpaka mchana. Hakutaka Odell akae peke yake siku kama hiyo, kwa hiyo alifika moja kwa moja na sweta lake la kijani, sufuria ya mchuzi mkononi. Odell alikuwa kwenye chumba cha mmea mama. Ligaya alimfuata humo akamkumbatia, na ovaroli ikabaki ikining'inia mlangoni.

Wiki tatu baadaye mimea kumi na mmoja ilidumaa kwa mkupuo. Odell alipiga simu, safari hii bila salamu.

"Siku ile ulitoka wapi?"

"Siku ipi?"

"Alhamisi. Ulitoka chumbani kwa nani na sweta lile?"

 Kosa Ligaya alikuwa amelifanya kweli, tena yeye aliyewafundisha wengine wasilifanye.

"Kwa Hollis," alijibu. "Odell, nisikilize, dalili hizi si za..."

"Umeniletea ugonjwa mpaka kwa Mama. Usije tena."

Hakuja tena. Mswaki wake ulikaa kwenye glasi mpaka nyuzi zake zikakauka na kusimama. Mimea iliendelea kusinyaa, na Odell, ambaye sasa alitaka ushahidi wa kumtupia mtu usoni, aliamua kufanya kile alichomkatalia Ligaya. Alikata mizizi ya mmea mama, ya mimea ya zamani na ya mimea mipya, akaandika tarehe kwenye kila kichupa, akapeleka kwenye maabara nyingine ng'ambo ya daraja.

Majibu yalikuja Juni. Bibi wa maabara alimsomea kwa simu, polepole.

"Ni kirusi, bwana Fontenot. Kimejaa zaidi kwenye mmea mama, na kinaonekana kimekaa humo miaka. Vipandikizi karibu vyote vinacho."

"Sweta linaweza kukileta?"

"Sweta? Hapana. Hiki husafiri kwa utomvu, kwenye makali. Unakatia nini vipandikizi?"

Odell alitazama ukutani. Mkasi wa kushonea wa mama yake ulikuwa umetundikwa hapo, mpini wake ukiwa bado na utepe alioufunga Bi Verlene mwenyewe ili usimwumize kidole. Ndio huo aliokatia kila kipandikizi. Aliupangusa kwa kitambaa kikavu, basi. Hakuwahi kuuchovya kwenye jiki, kwa kuogopa usije ukashika kutu.

Ilimchukua siku mbili kupiga namba ya Ligaya.

"Ni mimi niliyeiambukiza," alisema. "Yote. Kwa mkono wangu."



"Nilijua si mimi," alijibu Ligaya. "Lakini kwa sababu ya sweta lile, sikuwa na haki ya kusema kwa sauti."

"Kesho naing'oa. Siwezi peke yangu."

Ligaya alifika saa tatu asubuhi, ameoga, ovaroli mpya mwilini. Waling'oa ile arobaini kwanza. Walipofika kwenye mmea mama, Ligaya alimshika mkono.

"Ipo njia moja. Kinakatwa kinundu kwenye ncha ya chipukizi, kidogo kuliko punje ya chumvi, kinakuzwa kwenye chupa ili kutoa mmea usio na kirusi. Mwaka mzima, na pengine kisipone."

Odell alitikisa kichwa. "Mwaka mzima wa pengine nimekwisha kuukalia, hospitalini. Tumwache apumzike."

Aliung'oa kwa mikono miwili. Mizizi ilitoa sauti kama kitambaa kinachochanika. Ligaya alishika mdomo wa mfuko, wakaufunga pamoja, wakasugua sakafu kwa jiki mpaka macho yakawawasha, kisha wakazima taa.

"Umenisamehe?" aliuliza Odell walipokuwa nje.

"Bado." Alivua ovaroli, akaikunja. "Lakini kwetu mtu akitoka msibani haendi nyumbani moja kwa moja. Hupita mahali kwanza, akakaa, akala chochote, ili kifo kisimfuate mpaka kitandani."

Walikaa kwenye mgahawa mdogo wa tambi karibu na kituo cha treni. Supu ililetwa, mvuke ukapanda kati yao. Odell alishika kijiko, akakiweka. Hakuwa amelia kaburini kwa mama yake; alikuwa na mmea wa kurudi kuumwagilia. Sasa alilia, mbele ya wageni, bila kujifunika uso.

Ligaya alilisogeza bakuli lake karibu na la Odell, akaanza kula taratibu, kama mtu asiye na mahali pengine pa kwenda.