Anwani Iliyoandikwa kwa Mkono

Jumanne, tarehe 8 Juni 1999, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Saadiya, mchambuzi wa vito, alirudi kwenye chumba cha kuchambulia mawe akakuta trei tupu. Jiwe la kijani lililoletwa jana jioni kutoka machimbo ya Kasigau lilikuwa limetoweka, pamoja na kibandiko chake chenye namba ya shimo.

Inspekta Mbula wa polisi Voi alifika saa nne unusu. Ilikuwa kesi yake ya tatu tangu Jumapili, na macho yalimwasha kwa kukosa usingizi. Aliketi bila kukaribishwa.

"Kwa nini ulitoka chumbani?"

"Kompyuta zilikataa, afande. Nilitaka kuliingiza jiwe kwenye rejista, mashine ikasema haina anwani. Nikaenda jengo la pili kumwita Harith. Dakika kumi tu."

Meneja Katuku alidakia kutoka mlangoni. "Usijichoshe, Inspekta. Fundi wa mtandao ni huyo Harith. Hata kompyuta yangu ilikufa, nikaenda kukaa barazani."

Noah, bawabu, aliapa kwamba hakuna aliyetoka getini tangu asubuhi. Harith alikuwa keshatiwa pingu na konstebo kwa neno la meneja. Mbula akaamuru afunguliwe.

"Nieleze polepole. Nimechoka."

Harith alisugua viganja. "Kompyuta ikiwashwa hupaza sauti kuomba anwani, yaani namba yake ya mtandao. Seva inayogawa anwani iko jengo la pili, na katikati kuna fayawoli, yaani lango la mtandao. Sauti ile haivuki lango. Kwa hiyo jana nikaweka relei kwenye fayawoli, ipokee maombi ya huku iyapeleke kwa seva, kisha irudishe majibu. Leo saa mbili na dakika arobaini mtu ameifuta. Saa tatu kasorobo watu wakawasha mashine, hakuna iliyopata kitu."

"Nani alifuta?"

"Fayawoli imeandika kwamba amri ilitoka kwenye anwani inayoishia na 77. Lakini seva haijampa mtu yeyote 77. Mtu ameiandika mwenyewe kwa mkono, ili mashine yake isionekane kwenye orodha ya seva."

"Jana ulipokuwa ukiweka hiyo relei, nani alikuwa karibu nawe?"

Harith alimtazama Katuku. "Meneja. Alinisomea amri kitabuni, mimi nikichapa. Neno la siri aliliona nikiliandika."

Walipita meza kwa meza. Mashine zote hazikuwa na anwani, ila moja. Ya Katuku ilikuwa nayo: 77.

"Ulisema yako imekufa," Mbula alisema.

"Labda nilikosea."

"Mashine iliyoandikiwa anwani kwa mkono haiitegemei relei, Bwana Katuku. Yako haikufa. Ulijua za wenzako zitakufa, na kwamba Saadiya atatoka kumtafuta fundi. Jiwe liko wapi?"

 Katuku alifungua printa yake, akatoa bahasha kutoka chini ya karatasi. Jiwe lilikuwa ndani, na kibandiko: shimo namba nne, Mei 25.

Mbula alilijua shimo hilo. Wiki mbili zilizopita liliporomoka likamfukia mchimbaji aitwaye Mulei. Uchunguzi wa kifo chake ulipangwa kufanyika Alhamisi, na faili lilikuwa na barua ya Katuku ikisema shimo namba nne lilifungwa Aprili.

"Hukulitaka jiwe," alisema. "Uliogopa rejista. Jiwe lililochimbwa Mei haliwezi kutoka kwenye shimo lililofungwa Aprili."

"Wenzake Mulei walilificha tangu siku ile. Jana ndio wamelileta." Katuku aliweka bahasha mezani. "Sikujua litafika."

"Mke wa Mulei, Nthambi, aliambiwa mumewe aliingia kwa wizi, bila ruhusa. Ni kweli?"

Saadiya alijifunika mdomo. Katuku alinyoosha mikono itiwe pingu kabla hajaambiwa.

"Hapana," alisema. "Mulei alikataa mara mbili. Mimi ndiye niliyemwambia aingie."